Kwa nini gitaa la akustika likiwa laivu linalia kama bati? (Uzi wa wapenzi wa folk na kantri)

#1 NyuziSita

Wakuu salaam.

Mwimbaji-mtunzi wa folk au kantri akipanda jukwaani mara nyingi ana gitaa moja, sauti yake, na pengine hamonika shingoni. Basi. Gitaa likiharibika, usiku wote umeharibika, maana maneno ya wimbo yamekaa juu ya gitaa hilo. Sasa mbona kwenye rekodi ya mtu huyohuyo unasikia mbao, unasikia mpaka hewa ya ndani ya boksi, halafu ukienda ukumbini gitaa lilelile ni kavu, kali, na kila kidole kikigusa uzi linatoa "kwak"?

Dai langu: kosa ni la pikapu ya piezo, kile kinasa mtetemo kinacholala chini ya tandiko, ule mfupa mweupe unaobeba nyuzi juu ya daraja. Piezo haisikilizi hewa hata kidogo. Inapima mgandamizo wa tandiko tu. Kidole kikichomoa uzi kwa nguvu, mgandamizo unaruka ghafla, na huo mruko unafika kwenye spika ukiwa mbichi, bila kupita kwenye ubao wa gitaa ukalainishwa. Maadamu wasanii wanachomeka waya badala ya kuweka maiki mbele ya gitaa, tutaendelea kulipa kiingilio tukasikilize bati.

Anayepinga aje na vipimo.

#2 fundi_mitambo

Nusu kweli. Piezo inasingiziwa makosa ya wanaoichomeka pabaya.

Piezo isiyo na priampu (kikuzaji kidogo cha sauti) ndani ya gitaa hufanya kazi kama kapasita ndogo. Chukua mfano wa nanofaradi 1. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye mlango wa laini wa mikisa (meza ya fundi ya kuchanganya sauti) wenye ukinzani wa kiloomu 10, kila kilicho chini ya Hz 16,000 kinaanza kuporomoka. Umebaki na vumbi la juu peke yake, na hilo ndilo bati unalolisikia. Ukipitia kisanduku cha DI, kile kinachounganisha gitaa na mikisa, chenye megaomu 1, mporomoko unaanzia Hz 160. Uzi mnene wa E uko Hz 82, kwa hiyo besi ya gumba bado imepungua. Kwa megaomu 10 mporomoko unashuka hadi Hz 16 na gitaa linapata tumbo tena. Pikapu ni ileile, kilichobadilika ni kisanduku.

La pili ni betri. Gitaa lenye priampu linatumia betri ya volti 9. Ikichoka ikakaribia volti 7, priampu inakosa nafasi na kila pigo kali linakatwa kichwa. Ni kwak hiyohiyo. Na watu husahau kwamba jeki ndiyo swichi: waya ukiwa umechomekwa betri inaliwa, hata gitaa likiwa limelala kwenye stendi usiku kucha.

#3 GumbaNaShahada

Mleta uzi, asante kwa mada. Ila swali: mkongwe wa kantri Willie Nelson tumweke wapi?

Gitaa lake, Trigger, ni Martin N-20 la nyuzi za nailoni, analo tangu 1969. Pikapu iliyomo ni Prismatone ya Baldwin, ilihamishwa kutoka kwenye gitaa lake la Baldwin lililovunjika. Hiyo Prismatone ni piezo ya chini ya tandiko! Zaidi ya miaka 50 watu wanakaa mbele ya piezo hiyo na hakuna anayesema bati. Ile sauti yake ya pua, kavu kidogo, ndiyo saini yake.

#4 NyuziSita

Mkuu #3, nailoni ni habari nyingine. Seti ya chuma ya 12 hadi 53 inavuta daraja kwa jumla ya kilo 70 na kitu, nailoni ni kama kilo 40. Pigo la nailoni linaanza polepole zaidi. Tandiko halishtuki.

#5 GumbaNaShahada

Nimekuelewa, lakini Ovation je? Kampuni ya Charles Kaman, mhandisi wa helikopta, ilianza 1966, magitaa yenye mgongo wa plastiki wa duara, nyuzi za chuma, piezo chini ya tandiko. Glen Campbell alipiga hayo mbele ya kamera miaka na miaka. Ukisema piezo ni kosa kwa asili yake, unafuta sura nzima ya kantri ya miaka ya 70.

Mimi nasema ni mkono. Mtu akiimba chumbani anapiga polepole. Akifika jukwaani hasikii gitaa lake vizuri kwenye monita (spika inayomwelekea yeye), anazidisha nguvu, na kwenye piezo nguvu ya ziada haikuongezei utamu, inakuongezea mshindo wa mwanzo wa noti tu. Mpandishie gitaa desibeli 3 kwenye monita yake, uone mkono unavyotulia ndani ya wimbo mmoja.

#6 Roshani

Mnazungumzia gitaa kana kwamba linasikilizwa bila ukumbi.

Chukueni ukumbi wa Ryman pale Nashville, Marekani. Viti 2,362, na viti vyenyewe ni mabenchi ya mbao ya kanisani kwa sababu jengo lilifunguliwa 1892 kama tabenakulo la kuhubiri injili. Roshani ikaongezwa 1897. Aliyekaa chini ya roshani, safu za nyuma, dari iko karibu na kichwa chake na inamkata na spika kuu zinazoning'inia juu ya jukwaa. Trebo (sauti za juu) inapotea, anasikia gitaa limefumba. Wakimwekea spika ndogo chini ya roshani ni lazima zicheleweshwe: sauti hutembea mita 343 kwa sekunde, yaani milisekunde 2.9 kwa kila mita. Akiwa mita 20 kutoka spika kuu na fundi akasahau ucheleweshaji, pigo moja la gitaa linamfikia mara mbili, tofauti ya karibu milisekunde 58. Maneno ya wimbo yanakanyagana.

Aliye safu ya kwanza naye yuko chini mno, spika kuu zinampita juu ya kichwa. Anasikia spika ndogo za ukingo wa jukwaa, mgongo wa monita, na gitaa lenyewe kidogo. Hapo ndipo bati la #1 linapokaa.

Kwa hiyo usiku mmoja, msanii mmoja, gitaa moja: wa mbele atakuambia bati, wa nyuma atakuambia blanketi, na aliyekaa safu tatu nne mbele ya meza ya fundi atashangaa mnalalamikia nini. Nunueni tiketi kwa ramani ya viti, si kwa ukaribu na msanii.

#7 PendoLaBanjo

Umenikumbusha Ryman, hapo ndipo Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha kantri, kilipozaliwa 1925, na enzi hizo maiki ilikuwa moja katikati, kila mtu anaizunguka. Walisikika safi! NyuziSita yuko sahihi, turudi kwenye maiki.

#8 Roshani

Nakusahihisha kidogo. Kipindi kilianza Novemba 1925 kwenye redio ya WSM, lakini si Ryman. Kilihamahama kumbi kadhaa, kikaingia Ryman 1943 na kikatoka Machi 1974 kwenda jengo jipya. Walipohama walikata duara la mbao za jukwaa la Ryman wakalipachika katikati ya jukwaa jipya. Mwimbaji hadi leo anasimama juu ya mbao zile.

Na kama unataka ushahidi wa ukumbi wenyewe, mwimbaji wa kantri Emmylou Harris alirekodi pale 1991 wakati jengo limechoka kiasi kwamba hakuna aliyeruhusiwa kukaa kwenye roshani wala chini yake. Watu wachache, mbao tupu, ala za akustika. Hiyo rekodi ndiyo iliyowafanya wengi waone jengo linastahili kukarabatiwa, likafunguliwa upya 1994.

#9 PendoLaBanjo

Shukrani kwa sahihisho. Hoja ya maiki moja lakini iko palepale. Bendi ya Bill Monroe baada ya mpiga banjo Earl Scruggs kuingia Desemba 1945 ilipanga mizani kwa miguu: anayeimba au anayepiga solo anasogea, wengine wanarudi nyuma hatua mbili. Hakuna fundi aliyehitajika kupandisha wala kushusha.

#10 fundi_mitambo

Pendo, banjo ya Scruggs inasikika mpaka barabarani, na wale wote waliimba kwa kifua. Mwimbaji-mtunzi wa leo ananong'ona! Ukiongeza umbali mara mbili unapoteza desibeli 6. Toa maiki sentimita 15 mpaka sentimita 60, umepoteza 12. Hizo 12 fundi atazirudisha kwa kupandisha mikisa, na monita zitaanza kupiga filimbi kabla hajafika nusu.

Maiki mbili nazo zina ugonjwa wake. Maiki ya sauti iko sentimita 5 kutoka mdomoni, ya gitaa iko sentimita 50 kutoka mdomo uleule. Tofauti ya sentimita 45 ni milisekunde 1.3, na sauti ya mwimbaji ikiingia kwenye zote mbili zinafutana karibu na Hz 380. Pale ndipo kifua cha sauti ya mwanamume kilipo. Akigeuza kichwa, shimo linahama. Ndiyo maana unasikia sauti "inaogelea". Dawa mojawapo ni maiki ya umbo la nane kwenye gitaa, ubavu wake uelekezwe mdomoni, kwa sababu ubavuni haisikii. Lakini mgongo wake unasikia sawa na uso, kwa hiyo angalia kilichoko nyuma yake.

Na monita iwekwe kulingana na maiki. Maiki ya SM58 ni kadioidi, haisikii nyuma kabisa, monita ikae moja kwa moja mbele ya miguu ya msanii. Beta 58A ni superkadioidi, mahali pake pa kimya ni digrii 120 na kitu kutoka mbele yake, kwa hiyo monita zikae mbili, kushoto na kulia. Kumbi nyingi wanabadilisha maiki na kuacha monita palepale. Halafu wanalaumu gitaa.

#11 MzeeWaKapo

Hamjambo wote. Nimesoma kurasa zote na hakuna aliyetaja nyuzi.

Nyuzi mpya za shaba-fosfori zina makali ya juu ambayo chumbani ni matamu na kwenye piezo ni msumari. Zikichezwa kwa muda wa saa nne au tano makali yanapungua. Mpigaji makini anabadilisha nyuzi jana yake, anazivuta kwa mkono mmojammoja, anakaza tena, anarudia mpaka zisishuke. Anayebadilisha dakika 40 kabla ya kupanda jukwaani atakupa bati na atatumia nusu ya onyesho kukaza vichwa.

Halafu joto. Taa za jukwaani zinapasha nyuzi, nyuzi zinarefuka, noti inashuka. Gitaa likirudi nyuma ya pazia kwenye kiyoyozi linapanda. Na kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa cha kupandisha noti: ikibana kwa nguvu mno noti zinapanda, na zaidi uzi mnene. Iwekwe nyuma tu ya feti (kipande cha chuma kinachokata shingo), karibu kuigusa, ibane kiasi cha kutosha nyuzi zisikorome, isizidi. Mkiona msanii ameweka kapo halafu akaugusa uzi wa E mnene na kuuvuta pembeni kidogo, anairudisha noti mahali pake.

#12 GumbaNaShahada

Mzee wa Kapo karibu, tulijua lazima ufike. Ila kapo haileti bati.

#13 MzeeWaKapo

Inaleta. Kapo feti ya 5 inaondoa noti zote za chini, gitaa lote linahamia juu. Fundi aliyepanga mikisa kwa wimbo wa kwanza bila kapo hajagusa kitu mpaka wimbo wa sita. Hesabu mwenyewe: uzi mnene ulikuwa Hz 82, sasa uko Hz 110.

#14 Katanga_Akustika

Naomba nichepuke kidogo. Hii sanaa ya gumba kushika besi na shahada kuimba juu si ya Kentucky peke yake. Merle Travis alikuwa na yake kule Kaunti ya Muhlenberg, na mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco alikuwa na yake Katanga, Kongo. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi 1952 pale Jadotville, leo Likasi. Mwaka 1969 Bosco akapanda jukwaa la tamasha la folk la Newport, Marekani. Alikuwa anaimba Kiswahili, enyi ndugu. Gitaa moja, vidole viwili.

Na Kenya, Wakipsigisi walishaisikia sauti ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, kwenye santuri kabla ya 1950, wakamtungia wimbo, "Chemirocha", jina lake lilivyogeuka kwa ulimi wa pale. Tracey ndiye aliyerekodi. Kwa hiyo mtu asije akasema kantri ni ya kuazima. Leo Nairobi yupo Sir Elvis Otieno na mashabiki wanaojua kila neno.

#15 NyuziSita

Huku si kuchepuka mkuu, umenipa ushahidi! Tracey alikuwa anaishika maiki kwa mkono wake, anaisogeza karibu na gitaa au karibu na mdomo kadiri wimbo unavyotaka. Maiki moja na sikio la mtu. Hakuna anayesikiliza rekodi zile akalalamikia bati.

#16 fundi_mitambo

Hakuwa na monita wala spika kuu wala watu elfu mbili, mkuu. Ile ni rekodi. Tunajadili ukumbi.

#17 KimyaTafadhali

Wote mmesahau hadhira, na kwa maoni yangu chanzo kiko hapo.

Angalieni mnyororo. Watu wanazungumza wakati mtu anaimba. Fundi anapandisha gitaa lisikike juu ya maongezi. Boksi la gitaa kubwa la umbo la dreadnought, hewa yake inatikisika yenyewe karibu na Hz 100, na ubao wa juu karibu na Hz 200. Sauti kubwa ya spika inaingia tunduni, inautikisa ubao, ubao unaitikisa pikapu, na unasikia ule muungurumo unaokua "uuuuu". Fundi anashtuka, anakata Hz 100, anakata 200, bado unavuma, anakata kila kitu chini ya 250. Kimebaki nini? Bati. Kwa hiyo piezo ya #1, kisanduku cha #2 na mkono wa #5 vyote vinaweza kuwa sawasawa na bado bati likaja, kwa sababu meza ya pembeni wanacheka.

Ndiyo maana Bluebird Cafe pale Nashville, iliyofunguliwa 1982, ina viti 90 tu na sheria ya kunyamaza. Watunzi wanne wanakaa duara katikati ya chumba, hadhira inawazunguka, wanapokezana nyimbo. Ukiongea unaambiwa "shhh", na si utani. Spika zinafanya kazi ndogo sana, fundi hana sababu ya kukata besi, na gitaa linabaki na mbao zake. Wasanii wengi wanachomeka waya hapo na hakuna anayelia bati.

#18 fundi_mitambo

Mnyororo huo ni sahihi, nakupa heko. Ila fundi anayekata kila kitu chini ya 250 amekata kwa panga. Utaratibu ni huu: chuja chini ya Hz 80 kwanza. Geuza swichi ya fezi (inayopindua mawimbi ya sauti) kwenye priampu au DI, mara nyingine muungurumo unakufa papo hapo. Ziba tundu la gitaa kwa kifuniko cha mpira, gharama ndogo na kinafanya kazi. Ikibaki bado, tafuta masafa yenyewe yanayovuma, ukate ufinyu kabisa, desibeli 6 hadi 9, usiguse jirani zake. Besi yote ya gitaa inabaki.

Tena majaribio hufanyika ukumbi ukiwa mtupu. Watu wakijaa, nguo na miili inakula trebo na mwangwi. Aliyepanga trebo saa kumi jioni asishangae saa tatu usiku.

#19 Roshani

Ukisema watu wanakula trebo, basi ukumbi ukijaa bati lingepungua, si kuongezeka. Hapo mnyororo wa #17 unakwama.

#20 KimyaTafadhali

Haukwami. Miili inakula trebo ya mwangwi. Haili ile inayotoka kwenye spika moja kwa moja kuja usoni kwako. Ukumbi mtupu una mwangwi wa kuifunika kwak. Ukijaa, kwak inabaki uchi.

#21 mgeni_wa_kantri

Nimejifunza mengi. Sisi tunaokwenda kusikiliza tu, hatushiki mitambo, tufanye nini?

#22 Roshani

Kiti: safu chache mbele ya meza ya fundi, usiwe chini ya roshani. Kama ni viti huria, milango ikifunguliwa nenda kaangalie meza iko wapi kabla ya kutafuta kinywaji. Ukumbi wa kusimama, jiepushe na baa na mlango wa choo, maongezi yapo huko. Vizibo vya masikio chukua vile vinavyopunguza masafa yote sawasawa, desibeli 15 hivi. Vya sponji vinakula trebo na utadhani gitaa limefunikwa na godoro.

#23 NyuziSita

Ongeza hili: kabla hajaanza, tazama gitaa. Waya ukiingia kwenye kitufe cha mkanda nyuma na hakuna maiki mbele, ni pikapu tupu. Kipande cheusi kikiwa kimelala tunduni, ni pikapu ya sumaku, sauti yake ina unene wa gitaa la umeme na haina kwak. Kijiti chembamba cha maiki sentimita 15 hadi 20 mbele ya feti ya 12, basi kaa utulie, utasikia mbao. Wanamuziki wa folk David Rawlings na Gillian Welch ndivyo wanavyofanya, na gitaa la Rawlings ni Epiphone Olympic ya 1935.

#24 fundi_mitambo

Na hadhira yao inanyamaza. #17 anapata pointi.

#25 NyuziSita

Hadhira inanyamaza kwa sababu gitaa linasikika vizuri! Mmegeuza sababu na matokeo.

#26 LutiaMkongwe

Nimechelewa. Natengeneza magitaa, na hamjagusa tandiko lenyewe. Mwanya ambamo tandiko linakaa ukiwa na mlima hata wa nusu milimita, nyuzi mbili zinaikandamiza piezo na nne zinaelea. Dalili ni uzi wa G kuzama na B kupiga kelele. Tandiko likibana mno ubavuni halishuki vizuri juu ya pikapu. Likilegea linainama mbele. Liteleze kwa kidole bila kucheza. Chini yake lisuguliwe kwenye msasa uliobandikwa kwenye kioo, si mkononi. Magitaa mengi yanayoletwa yakiitwa "bati" yana kosa hilo, na pikapu yenyewe ni nzima.

#27 GumbaNaShahada

Karibu mkuu. Hiyo ni sababu ya tano au ya sita ya bati sasa?

#28 fundi_mitambo

Ya saba ukihesabu kapo.

#29 MzeeWaKapo

Ihesabiwe. Na LutiaMkongwe, swali: kapo ikibana, mgandamizo juu ya tandiko unabadilika au pembe ya uzi ndiyo inayoamua? Maana nyuzi zikishuka kutoka tandikoni kwenda kwenye pini kwa pembe ndogo, piezo inadhoofika hata mwanya ukiwa umenyooka.

#30 LutiaMkongwe

Pembe. Kapo haibadilishi kitu pale nyuma. Tandiko likiwa fupi mno, limesuguliwa ili kushusha nyuzi, pembe inakufa. Pima urefu wake juu ya daraja: ukipata chini ya milimita 3, shida yako iko kwenye shingo ya gitaa, na tandiko usiliguse tena.